Gari latetemeka, oili yadondoka

*Defender yangu ya 1994 hubeba samaki kutoka Usenge hadi Kisumu. Ikikaribia kilomita 70 kwa saa hutetemeka, na asubuhi nakuta oili chini, katikati ya gari. Injini imekufa? — Msomaji, Kondele*

Pole ndugu, injini sidhani. Mtetemo wa mwendo fulani, usiokoma hata ukitoa gia, mara nyingi ni wa propela. Krosi zikilika, propela huyumba na kuumiza sili ya nyuma ya gia boksi ndogo. Zima injini, zuia magurudumu kwa mawe, izungushe propela kwa mkono huku na huku: krosi ikicheza, ibadilishwe pamoja na sili. Dramu ya hendibreki iko papo hapo. Ikilowa oili haishiki, kwa hiyo usiegeshe mteremkoni. Kinachovuja kikiwa maji ya breki, usiliondoe gari, mwite fundi.