Posho Kutoka Angani: Somo la Vita vya Burma

Msomaji akisikia habari za vita vya Burma, hukumbuka bunduki na mizinga. Lakini askari asiye na posho wala risasi hapigani, na mwaka 1944 Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la Kumi na Nne, alikuwa na swali zito: ni nani atakayeziamuru ndege za mizigo?

Mwezi wa Agosti Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo walikuwamo askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilianza kushuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa. Njia iligeuka tope tupu, malori yakakwama, ikawa lazima vyakula na risasi viangushwe kutoka angani.

Basi ndege zilikuwa chache, nyingine za Waingereza na nyingine za Wamarekani. Kama kila divisheni ingekwenda uwanjani kujidaia, mwenye sauti kubwa angalishiba na mwenzake angalilala njaa. Kwa hiyo maombi yalipelekwa kwa wakuu wa jeshi, nao wakaamua kipi kitangulie. Tena mwaka huo huo ilifunguliwa ofisi moja huko Comilla, katika Bengal, ya kuunganisha kazi ya jeshi la nchi kavu na ile ya jeshi la anga: hawa walete mizigo, waifunge na kuipakia, wale wairushe. Karani wa hapo, na kalamu yake, aliweza kuokoa kikosi kizima.

Hariri ya miavuli ilipokosekana, Snelling, aliyesimamia ugavi wa Slim, alitengenezesha miavuli ya nyuzi za magunia. Mmoja uligharimu zaidi kidogo ya paundi 1, na wa kawaida zaidi ya paundi 20.

Hata hivyo, tarehe 10 Desemba 1944 Slim aliamshwa alfajiri na ngurumo za ndege. Dakota 75 za Wamarekani zilikuwa zikienda Uchina, ambako Wajapani walikuwa wakisonga mbele. Mizigo ya askari wake ilikuwa imeteremshwa na kuachwa uwanjani. Yeye hakuarifiwa. Ofisi iligawa vizuri, lakini amri ya mwisho juu ya ndege zile ilikuwa kwa wengine.

Ikambidi apange mwendo wake upya. Baadaye wakuu wa Marekani na Uingereza walikubaliana kwamba ndege za Wamarekani zilizobaki zisiondolewe kabla ya Juni 1945, au kabla Rangoon haijatwaliwa. Rangoon ilitwaliwa mwanzoni mwa Mei.