Njiani kwenda Ethiopia: Linda afya yako bila kumvunjia mwenyeji heshima

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu wanaosafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Addis Ababa kupitia Isiolo, Marsabit na Moyale. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Msafiri huandaa pasi, fedha na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, lakini husahau kujiuliza atakula nini, na nani, na kwa utaratibu gani. Maradhi mengi ya safarini huingia kwa mdomo. Na kukataa ovyo chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Dawa ya yote mawili ni kuzijua desturi za watu kabla hujafika.

Maziwa ya njiani

Kuanzia Isiolo hadi Moyale utakutana na wafugaji, na utakaribishwa maziwa ya ngamia au ya ng'ombe. Maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta ugonjwa wa bruselosi, ambao humpa mtu homa za kuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo. Moshi unaofukizwa ndani ya kibuyu huyapa ladha nzuri, lakini usiutegemee kuua vijidudu. Omba chai ya maziwa iliyochemka. Hakuna atakayeona umemkataa.

Sinia moja, mkono wa kulia

Ukivuka mpaka, chakula kikuu ni injera, mkate mpana mlaini wa unga wa teff uliochachushwa kwa siku kadhaa. Huwekwa juu ya sinia, mchuzi ukamiminwa juu yake, na watu wakala pamoja kwa mkono wa kulia. Kabla ya kula, kijana hupita na birika na beseni kuwanawisha wageni. Hapa hutaona ugeni: taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa kulia, na kula kilicho mbele yako. Lakini maji matupu hayatoshi, hivyo beba kipande cha sabuni mfukoni na uwe wa kwanza kukitoa. Kucha ziwe fupi.

Usishangae mwenyeji akikunja tonge na kukulisha mdomoni. Desturi hiyo huitwa gursha, nayo ni alama ya upendo. Ipokee. Ikiwa wewe ndiye mwenye kuharisha au mafua, shukuru kwa kusema "ameseginalehu", eleza kuwa huumwi sana lakini unaogopa kuwaambukiza, na omba chakula chako kwenye sahani ya peke yako.

Halali ni moja, kuiva ni jingine

Nchini Ethiopia Waislamu na Wakristo kila mmoja hula nyama iliyochinjwa na watu wa dini yake, kwa hiyo kuuliza mgahawa ni wa nani si utovu wa adabu. Ukiwa na shaka, agiza chakula cha mfungo. Wakristo wa Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa bila nyama, mayai wala maziwa, na siku hizo migahawa yao hupika dengu, kunde na mboga kwa mafuta. Jihadhari pia na teji, kinywaji cha asali chenye rangi ya manjano kama sharubati. Hicho ni kileo.

Hatari kubwa zaidi ni nyama mbichi. Wenyeji huithamini sana, ama vipande vyenyewe, ama kitfo, yaani nyama ya kusaga iliyochanganywa na samli na pilipili. Ng'ombe akila majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu, mabuu hujificha ndani ya nyama yake. Ukiila mbichi, tegu hukua utumboni mwako na huweza kufikia urefu wa mita 5 au zaidi. Huenda usihisi chochote kwa miezi, hadi uone vipande vyeupe bapa chooni. Ukiviona, nenda hospitali, kwani dawa zipo na hutibu.

Ndugu msomaji, wengi hujidanganya hapa. Kisu cha Mwislamu huihalalisha nyama, hakiui mabuu. Pilipili nayo haiyaui. Kinachoua ni moto. Sema "yebesele", yaani iliyoiva. Ukiletewa "leb leb", hiyo imepashwa moto kidogo tu na bado haijaiva.

Kahawa na maji

Ukialikwa kahawa, usiwe na haraka. Buni hukaangwa mbele yako, na kahawa huletwa kwa duru tatu: abol, tona na baraka. Kuondoka kabla ya baraka si uungwana. Kiafya ni kinywaji salama, kwa kuwa maji yake yamechemka. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa.

Tumbo likiharibika, usingoje ufike. Changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo au homa kali, shuka mji wa karibu utafute zahanati.

Mgeni mwenye adabu hakatai sinia. Huchagua kilichoiva ndani yake, akala na kushukuru. Safari njema, na tukutane toleo lijalo, Inshaallah.