Gari la Ofisi Likilala Nyumbani: Tuielewe Kodi Yake

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo wafanyakazi wengi wa miradi hulikuta kwenye karatasi ya mshahara bila kuelezwa, na wengine hawalikuti kabisa mpaka siku mkaguzi anapofika. Ni kodi inayotokana na gari la mwajiri kutumika kwa shughuli za mtu binafsi.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, gari si anasa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo kila kitu huku kwetu kinapita barabarani: ufuta, korosho, dawa, wagonjwa na wageni wa wafadhili. Mratibu anayesimamia vikundi vya wakulima hawezi kuifanya kazi yake kwa miguu. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hata mwenye pikipiki huomba lifti.

Kwa hiyo mashirika yananunua magari. Halafu linakuja swali: jioni gari linalala wapi? Ofisi nyingi hazina ua wenye mlinzi wa uhakika, basi mratibu huambiwa aondoke nalo. Jumamosi anampeleka mtoto shule ya bweni Masasi. Siku ya msiba anabeba ndugu hadi kijijini. Jumatatu gari liko ofisini, limeoshwa, na hakuna aliyeandika kitu. Hakuna aliyeiba hapo, maana mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeruhusu. Lakini kwa sheria ya kodi, mratibu huyo amepata kitu zaidi ya mshahara wake.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu mapato ya ajira kwa upana. Ndani yake haimo fedha ya mshahara peke yake. Yamo pia manufaa mengine ambayo mfanyakazi anayapata kwa sababu ya kazi yake, kama nyumba ya kuishi, mkopo wa riba ndogo na gari analopewa alitumie, lote au kwa sehemu, kwa mambo yake.

Ugumu wa manufaa ni kuyapima. Mshahara una tarakimu, lakini safari ya Masasi ina thamani gani? Watunga sheria wangeweza kumtaka mhasibu ahesabu kila kilometa, na hapo tungekuwa na ugomvi kila mwezi. Badala yake waliweka jedwali katika Nyongeza ya Tano ya sheria hiyo. Jedwali linauliza mambo mawili tu, yaani ukubwa wa injini na umri wa gari. Majibu yote mawili yanapatikana kwenye kadi ya gari.

Gari lenye injini isiyozidi cc 1,000 huhesabiwa kuwa manufaa ya shilingi 250,000 kwa mwaka kama umri wake haujafika miaka 5, na shilingi 125,000 kama umezidi miaka 5. Injini iliyo juu ya cc 1,000 lakini haizidi cc 2,000 ni shilingi 500,000 kwa gari jipya na 250,000 kwa la zamani. Juu ya cc 2,000 hadi cc 3,000 ni shilingi 1,000,000 na 500,000. Injini inayozidi cc 3,000 ni shilingi 1,500,000 na 750,000.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kiasi hicho si kodi. Ni thamani ya manufaa kwa mwaka mzima, nayo inaongezwa kwenye mapato ya mfanyakazi, kisha kodi inakatwa kwa viwango vya kawaida vya PAYE. Anayekwambia "TRA wanachukua milioni moja na nusu kwa shangingi" hakusoma vizuri.

Jambo jingine: jedwali haliulizi gari ni la aina gani. Huko Uingereza gari dogo la abiria hupimwa kwa bei yake na moshi unaotoka, na gari la mizigo lina kiwango chake peke yake. Kwetu pikapu, basi dogo na gari la kifahari yote yanapita mlango mmoja, ule wa cc na umri. Kirikuu ya cc 660 iliyobeba miche ya mikorosho iko kwenye kundi la chini kabisa. Land Cruiser ya dizeli yenye cc 4,164, ambayo kwa barabara zetu ni chombo cha kazi kuliko cha starehe, iko kwenye kundi la juu kabisa. Wengine wanaona hilo ni onevu kwa watu wa vijijini, na mimi sioni kwamba wamekosea sana, maana anayeendesha gari dogo la bei kubwa kwenye lami ya mjini anaweza kuhesabiwa kidogo kuliko anayehangaika na matope. Ila viwango vyetu ni vyepesi vikilinganishwa na vya jirani. Kenya hupima manufaa ya gari kwa asilimia 2 ya gharama ya kulinunua kwa kila mwezi, au zaidi ya hapo.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mratibu wa mradi wa ufuta Ruangwa analipwa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Anachangia NSSF asilimia 10, yaani shilingi 100,000, na mchango huo haukatwi kodi. Yanabaki mapato ya kutozwa kodi ya shilingi 900,000.

Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Hadi kufika 760,000 kodi inakuwa imefikia shilingi 68,000. Mratibu wetu ana ziada ya 140,000 juu ya hapo, na asilimia 25 yake ni 35,000. Kodi yake bila gari ni shilingi 103,000.

Sasa tumpe Land Cruiser ya cc 4,164 yenye umri wa miaka 9. Manufaa ni shilingi 750,000 kwa mwaka, na ukigawa kwa miezi 12 unapata 62,500. Mapato yake kwa hesabu ya kodi yanakuwa 962,500. Ziada juu ya 760,000 ni 202,500, asilimia 25 yake ni 50,625, na jumla ya kodi ni shilingi 118,625. Tofauti ni shilingi 15,625 kwa mwezi.

Kama gari hilo lingekuwa na umri wa miaka 2, manufaa yangekuwa 1,500,000 kwa mwaka, sawa na 125,000 kwa mwezi. Mapato yangefika 1,025,000, yaani yangevuka milioni moja na kuingia kwenye asilimia 30. Kodi ingekuwa 128,000 na 7,500 juu yake, jumla 135,500. Tofauti ni shilingi 32,500 kila mwezi.

Angalia kwamba hesabu haikubadilika kwa kuwa alisafiri Jumamosi moja au zote nne. Aliyetumia gari kidogo na aliyelitumia sana wanalipa sawa. Ndiyo maana ni vema mfanyakazi aulizwe kabla: unataka kukaa na gari hili kwa masharti haya, au ufunguo ubaki ofisini? Wapo watakaosema ubaki, na wana haki.

Nani anadaiwa

Mwajiri ndiye anayewajibika kukata kodi hiyo pamoja na PAYE nyingine na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Asipokata, deni halihamii kwa mfanyakazi likaacha ofisi salama. Sheria inamtaka mwajiri alipe hata kile ambacho hakukikata, pamoja na riba ya ucheleweshaji, halafu yeye ndiye amtafute mfanyakazi amrudishie.

Hapo ndipo maumivu yanapokuja kwa mashirika kama yetu. Chukua ofisi yenye waratibu wanne wa mfano wetu wa kwanza, ambayo kwa miaka mitatu haikuyahesabu manufaa ya gari. Kila mmoja ni shilingi 187,500 kwa mwaka. Kwa wanne na kwa miaka mitatu ni shilingi 2,250,000, kabla ya riba. Wawili wamekwisha kuhama, mmoja yuko Songea na mwingine hajulikani alipo. Mradi umefungwa, bajeti ya mfadhili imekwisha, na hakuna mfadhili anayependa kuona kodi za miaka ya nyuma katika taarifa ya fedha. Fedha hiyo itatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye mfuko ambao ungelipia semina za wakulima.

Mwajiri asiyedai gharama

Sheria ina mlango mmoja muhimu. Manufaa ya gari hayahesabiwi kwenye mapato ya mfanyakazi pale ambapo mwajiri hadai punguzo wala nafuu yoyote ya kodi kuhusu umiliki, matengenezo au uendeshaji wa gari hilo. Maana yake ni rahisi kuelewa. Kampuni inayotoa gharama za mafuta, vipuri na uchakavu kwenye faida yake imepunguziwa kodi kwa ajili ya gari, na serikali haitaki kulipoteza gari hilo hilo mara mbili. Asiyepunguziwa kitu anasamehewa upande wa mfanyakazi.

Mashirika ya dini hupenda kuukimbilia mlango huu, na wakati mwingine wanakosea. Kuitwa shirika la dini au la hisani hakumtoi mfanyakazi kwenye PAYE. Cha kutazama ni hesabu mnazopeleka TRA. Kama shirika lina duka, nyumba ya wageni, shamba au karakana, na gari limeingizwa humo kama gharama ya kupunguza mapato ya kodi, basi mmedai, na jedwali linawahusu. Kama mnataka kuutumia msamaha huu, mhasibu aandike wazi ni gari gani, namba gani, na kwamba gharama zake hazikudaiwa, na karatasi hiyo ikae kwenye faili la gari. Kauli ya mdomo mbele ya mkaguzi haina uzito.

Magari yaliyoingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru yana jambo lake jingine. Msamaha ule ulitolewa kwa kazi maalumu, na gari likigeuzwa matumizi au kuhamishiwa kwa mtu mwingine, ushuru uliosamehewa unaweza kudaiwa. Hilo ni somo la siku nyingine.

Daftari la safari

Ipo pia njia ya kutotumia gari kwa mambo binafsi kabisa, na kuweza kuthibitisha hivyo. Hapa ndipo logi buku inapopata maana. Kila safari iandikwe tarehe, ilikoanzia, ilikoishia, kilometa za kuanza na kumaliza, sababu, na sahihi ya dereva na ya abiria. "Kazi ya ofisi" haitoshi kuwa sababu. "Mkutano wa kikundi cha ufuta Mbekenyera" inatosha.

Tatizo ni usiku. Kwa kawaida ya mambo ya kodi, safari ya nyumbani hadi ofisini ni ya mtu mwenyewe, si ya mwajiri. Ikiwa gari linalala kwa mratibu kwa ajili ya usalama tu, bodi iandike hivyo katika kumbukumbu za kikao, ieleze kwa nini, na ikataze matumizi mengine. Kisha ikatazo hilo liheshimiwe, kwa kuwa mji kama Nachingwea hauna siri. Gari lenye nembo ya shirika likionekana sokoni kila Jumapili, barua ya bodi inabaki karatasi tu. Bora zaidi ni kutafuta ua. Ofisi nyingine ya serikali, shule au hospitali ya jirani inaweza kuwapa nafasi ya kuegesha yenye mlinzi kwa gharama ndogo kuliko kodi na maneno ya watu.

Tusisahau madereva. Dereva anayelala na gari kwa sababu kesho alfajiri anaelekea Lindi yuko kazini. Lakini dereva aliyeruhusiwa kubeba abiria wake mwisho wa wiki amepewa manufaa sawasawa na bosi, na jedwali halina safu ya vyeo.

Fedha taslimu ni habari nyingine

Baadhi ya ofisi zimechoka na magari zikaamua kutoa posho ya usafiri. Posho inayolipwa kila mwezi bila kuonyesha safari ni mapato ya ajira, yote inatozwa kodi. Mratibu wetu akipewa shilingi 100,000 za posho, zote zinaongezwa kwenye 900,000 zake, na kodi inapanda kwa shilingi 25,000. Ni zaidi ya Land Cruiser ya zamani! Lakini akitumia pikipiki yake kwa kazi, akaleta risiti za mafuta na maelezo ya safari, na ofisi ikamrudishia kile tu alichotumia kwa kazi, hajapata mapato. Amerudishiwa fedha yake.

Zoezi la kikundi

Bwana shamba wa mradi Nachingwea anapata mshahara wa shilingi 500,000 na anachangia NSSF asilimia 10. Amekabidhiwa kirikuu ya cc 660 yenye umri wa miaka 12, na bodi imemruhusu kuitumia mwisho wa wiki. Mwajiri anadai gharama za gari kwenye hesabu zake za kodi. Je, PAYE yake itaongezeka kwa kiasi gani? Jaribuni wenyewe kabla ya kusoma jibu.

Jibu: mapato ya kutozwa kodi bila gari ni 450,000. Kinachozidi 270,000 ni 180,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 14,400. Manufaa ya gari ni 125,000 kwa mwaka, karibu 10,417 kwa mwezi. Mapato mapya ni 460,417, na kodi ni karibu shilingi 15,233. Ongezeko ni shilingi 833 kwa mwezi, au shilingi 10,000 kwa mwaka mzima.