Jua Haki Zako: Kilomita za Dashibodi ni Kauli ya Muuzaji

Gereji nyingi zina desturi moja nzuri. Fundi akimaliza kubadilisha oili hubandika stika ndogo kwenye ukingo wa mlango wa dereva au chini ya boneti, yenye tarehe, kilomita za siku hiyo na kilomita za kurudi tena. Muuzaji anaweza kuliosha gari, kulipiga polishi na kulivalisha viti vipya, akaisahau stika hiyo. Mnunuzi anaketi, anasoma 68,000 kwenye dashibodi, anashuka, na ubavuni mwa mlango anakuta 141,500 iliyoandikwa kwa bolpeni miaka 2 iliyopita. Mtaani hapo utaambiwa mambo mawili: kwamba kilomita zimerudishwa, na kwamba huna la kufanya kwa sababu gari la mkononi ndivyo lilivyo. La kwanza huenda ni kweli. La pili si kweli.

Kazi yenyewe siku hizi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Zamani mita ilikuwa ya magurudumu madogo yenye tarakimu, na aliyeichezea aliacha mikwaruzo au namba zilizopinda. Sasa hesabu inakaa kwenye chipu, na mwenye kifaa cha kuunganisha kwenye kompyuta ya gari anaandika namba anayoitaka kwa dakika chache bila kufungua hata skrubu moja. Ujerumani iliifanya kazi hiyo kuwa jinai mwaka 2005. Ubelgiji tangu 2006 inamtaka muuzaji wa gari lililotumika ampe mnunuzi hati iitwayo Car-Pass, yenye historia ya kilomita zake. Wanaolalamika kwamba Tanzania haina sheria yenye jina la namna hiyo wana haki ya kutaka itungwe, lakini wanakosea wakidhani kwamba kwa hiyo mnunuzi yuko uchi. Sheria zetu haziulizi sana nani aliigusa mita. Zinauliza muuzaji alisema nini, au alionyesha nini, ili apate fedha yako. Namba inayowaka mbele ya usukani siku ya mauzo ni kauli ya muuzaji kama vile ameitamka kwa mdomo wake.

Anza na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 17 kinaeleza udanganyifu: kusema jambo lisilo kweli huku ukijua si kweli, kuficha jambo kwa makusudi, au kufanya tendo lolote lenye kuhadaa. Kifungu hicho pia kinasema kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema au ukimya wake ni sawa na kusema. Wauzaji wajanja hukimbilia sehemu hiyo: “Mimi sikusema chochote, alisoma mwenyewe.” Hoja hiyo ina kishindo lakini haina mzizi. Aliyeirudisha mita, au aliyejua imerudishwa akaliweka gari sokoni liseme kwa niaba yake, hakunyamaza. Ametenda. Na kifungu cha 19 kinampa aliyeridhia mkataba kwa kudanganywa haki ya kuuvunja, au akipenda, kuushikilia na kudai awekwe kwenye hali ambayo angekuwamo kama aliyoambiwa yangekuwa kweli. Hata pale aliyesema ni dalali, mwenye gari hawezi kunawa mikono kwa maneno ambayo dalali wake aliyasema katika kumuuzia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwenye yadi: “Gari limetoka Japani likiwa hivyo, na mimi nimelipokea kama wewe.” Huenda anasema kweli, na kama kweli hakujua, huwezi kumwita mdanganyifu. Lakini kifungu cha 18 kinazungumzia pia kauli ya uongo ya mtu anayeamini anasema kweli, ikiwa alithibitisha jambo ambalo taarifa alizokuwa nazo hazikumpa haki ya kulithibitisha. Mkataba huo nao unaweza kuvunjwa. Ila hapa sheria inakugeukia wewe mnunuzi, na wengi hawalijui hili: kwa kauli ya uongo isiyo ya makusudi, huwezi kuuvunja mkataba kama ulikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa maneno mengine, kukagua karatasi kabla ya kulipa hakukulindi na hasara tu. Kunalinda kesi yako.

Na karatasi zipo. Japani gari dogo la binafsi likiwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita zilizosomeka siku ya ukaguzi huandikwa kwenye cheti. Gari linapofutwa usajili ili lisafirishwe nje, hutolewa cheti kingine ambacho nacho hubeba usomaji wa kilomita. Kama lilipita mnadani kuna karatasi ya mnada, ambamo mkaguzi huandika kilomita na kuweka tahadhari pale anapozitilia shaka. Omba zote, na usome tarakimu mwenyewe hata kama maandishi mengine ni ya Kijapani. Kilomita ni kilomita. Kwa gari lililotoka Uingereza angalia kwanza kipimo, maana mita zao husoma maili, na 80,000 za kule ni karibu kilomita 129,000 za huku. Sisi wenyewe tumezoea kusema “maili” tukimaanisha kilomita, na katika mkataba uzembe huo wa ulimi unaweza kumfaa muuzaji. Kwa gari ambalo limeshatembea nchini, tafuta stika za oili, risiti za gereji na kitabu cha sevisi. Tazama pedali ya breki iliyolika hadi chuma kwenye gari linalodai kilomita 50,000. Tazama tarakimu 4 za mwisho ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Matairi kubadilishwa si kosa, lakini ukiambiwa ni yaleyale ya kiwandani na tarehe zake ni changa kuliko gari, umeshamjua unayezungumza naye.

Kisha kuna yale maneno yanayogongwa muhuri chini ya hati nyingi za mauzo: gari linauzwa kama lilivyo, na likishatoka halirudishwi. Wengi wakiyasoma hukata tamaa, nami sitaki kuyapuuza kwa sababu yana kazi yake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kinaweka masharti ya ubora hata kama hayakuandikwa, na pande mbili zinaweza kukubaliana kuyaondoa. Ukisaini “kama lilivyo”, usitegemee kulalamika kwamba giaboksi inagonga. Lakini kifungu cha 15 kinahusu kitu kilichouzwa kwa maelezo, nacho kinataka kitu hicho kilingane na maelezo yake. Tangazo lililosema “kilomita 68,000” ni maelezo. Maneno ya jumla ya muhuri si rahisi kuyafuta maelezo mahususi, na hakuna muhuri unaomkinga mtu na udanganyifu wake mwenyewe. Gari “kama lilivyo” ni lile lililotembea kilomita 141,500. Muuzaji ndiye aliyelieleza kama lisivyo. Anayefanya biashara ya magari anabanwa pia na Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo kifungu chake cha 16 kinakataza kauli za uongo kuhusu bidhaa, ikiwemo kuipa historia au matumizi ya awali ambayo haikuwa nayo. Malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Ushindani. Msomaji wa Kenya ana kauli iliyonyooka zaidi: Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni kauli ya uongo kusema bidhaa imetumika kwa kiwango kilicho tofauti na ukweli.

Mafundi watacheka wakisoma yote haya. Watasema kilomita si kitu, gari la 200,000 lililotunzwa ni bora kuliko la 60,000 lililoteswa. Kiufundi wako sahihi. Lakini sokoni bei inapangwa kwa namba hiyo, na kama isingekuwa kitu, hakuna ambaye angelipia kuirudisha. Pamoja na hayo, hoja yao ina mtego wa kisheria: udanganyifu ambao haukukufanya ukubali haukupi haki ya kuvunja mkataba. Wakili wa upande wa pili atakuuliza kama kweli ulinunua kwa sababu ya kilomita, au ulivutiwa na rangi na rimu. Jibu lake liandae kabla ya kulipa. Kwenye mkataba wa mauzo weka sentensi kama hii: “Muuzaji anathibitisha kuwa gari limetembea kilomita 68,000, kwamba kwa kadiri anavyojua mita haijabadilishwa wala kurekebishwa, na mnunuzi amekubali bei hii kwa kutegemea uthibitisho huo.” Muuzaji akigoma kuisaini, amekuambia jambo bila gharama. Hifadhi pia picha ya tangazo, ujumbe wa WhatsApp na picha ya dashibodi ya siku hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani, na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai.

Ukigundua baada ya kununua, kosa kubwa ni kuendelea kulitumia gari huku ukilalamika. Anayejua ameuziwa uongo kisha akalipeleka gari Arusha na kurudi, akalifungia redio mpya, anaonekana amelikubali, na haki ya kulirudisha humponyoka. Hubakiwa na madai ya fidia ya tofauti ya thamani. Liegeshe. Pata ripoti ya maandishi kutoka kwa fundi anayeweza kusoma kompyuta ya gari, kwa sababu katika baadhi ya magari kilomita huhifadhiwa pia kwenye vifaa vingine ambavyo aliyerudisha mita hakuvigusa. Andika barua ya madai yenye tarehe, ukitaja unachotaka: fedha zote na gari lirudi, au punguzo. Ukiwa na ushahidi kwamba muuzaji alijua, nenda pia polisi, kwa kuwa kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Kesi ya jinai, hata hivyo, humwadhibu mtu. Fedha yako huenda ukalazimika kuidai kwa kesi ya madai. Kwa madai ya mkataba, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6. Palipo na udanganyifu, miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku ulipougundua, au siku ambayo ungeugundua kama ungekuwa mwangalifu. Hivyo hata ile stika ya mlangoni usiibandue. Ipige picha ikiwa hapohapo ilipo, na namba ya usajili ionekane.