Mwaminifu Pia Huandikiana

Ukimkopesha jamaa yako fedha hapa Mji wa Kale, Mombasa, kisha ukaomba muandikiane, mara nyingi utaulizwa: "Kwani huniamini?" Watu wengi hunyamaza hapo, wakatoa fedha kwa mdomo tu, wakidhani ndivyo walivyofanya wazee. Sivyo.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qurani, ni ya deni la muda: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye atoe maneno, na mashahidi wawepo. Aya inayofuata inataja rahani kwa walio safarini wasiopata mwandishi. Wafanyabiashara wa pwani walilihitaji agizo hilo kila mwaka. Jahazi likija na kaskazi huondoka na kusi, na aliyechukua bidhaa kwa mkopo huenda asionekane mpaka msimu mwingine. Katika karne ya 19, kuanzia Unguja hadi Oman, matajiri na wakopaji waliandikiana hati za kukiri deni: kiasi, muda, na mara nyingi shamba au nyumba iliyolidhamini. Palikuwa pia na mauzo ya khiyari. Mtu aliuza nyumba yake akiwa na haki ya kuikomboa kabla ya muda kwisha, na mara nyingi aliendelea kukaa humo humo akilipa kodi. Hao waliaminiana vya kutosha kukopeshana mali kuvuka bahari, na bado waliandika.

Wenye maduka wanaoagiza mali kutoka Guangzhou husikia dhana nyingine kama hiyo, kwamba Mchina hutegemea kujuana na mkataba kwake si kitu. Kujuana kuna uzito kweli, lakini Uchina ni nchi ya hati tangu zamani. Enzi za Ming na Qing, hata wakulima wa kawaida walihifadhi hati za mashamba yao. Hati ilimtaja mtu wa kati aliyewakutanisha muuzaji na mnunuzi, naye akaweka alama yake, kwa hiyo heshima yake ilikuwa ndani ya karatasi ile. Iliyolipiwa ushuru iligongwa muhuri mwekundu wa serikali ikaitwa hati nyekundu. Isiyolipiwa iliitwa nyeupe, nayo watu waliitumia. Walikuwa hata na mauzo ya kukomboa, yaitwayo dian, yanayokaribiana sana na khiyari yetu. Mtu anayejulikana na pande zote, pamoja na maandishi: hayo yalitakiwa kule kama huku.

Muhuri una nguvu Uchina mpaka leo. Kabla ya kutuma malipo ya kwanza, dai mkataba wenye jina la kampuni kwa herufi za Kichina, kwa sababu ndilo lililosajiliwa. Jina la Kiingereza lililo kwenye kadi halitoshi. Hakikisha pana muhuri rasmi wa kampuni, na kwamba akaunti ya benki ina jina lilo hilo. Ukiambiwa dakika ya mwisho akaunti imebadilishwa, usitume kitu mpaka umempigia simu mtu unayemjua, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali.

Kwa deni la hapa nyumbani, karatasi moja inatosha: "Mimi fulani bin fulani, kitambulisho namba kadhaa, nakiri kuwa leo nimepokea kwa fulani Sh 150,000 kwa M-Pesa, na nitazilipa kwa mafungu matatu, tarehe hizi." Mdaiwa atie sahihi, mashahidi wawili watie zao, na kila upande ubaki na nakala. Fedha zipite M-Pesa au benki, maana noti za mkononi hazina kumbukumbu. Usipolipwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Deni la mkataba lina miaka sita ya kudaiwa mahakamani, basi usiwe mtu wa kungoja. Wengi hukimbilia kwa Kadhi, lakini Kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa mahakama yake mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Deni la duka halimo.

Nyumba ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Sheria ya Mikataba ya Kenya inasema mapatano ya kuuza ardhi au haki iliyo juu yake hayawezi kudaiwa mahakamani ila yawe yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Maneno ya barazani, hata mbele ya watu kumi, hayatoshi. Kabla ya kumpa dalali hata shilingi, nenda kwa msajili wa ardhi ukatafute jina la mwenye kiwanja, kwani Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba huku ardhi ni ya mwingine. Uliza Tume ya Wakf kama nyumba ni wakf, maana wakf si mali ya mtu kuuza apendavyo. Na ikiwa ni ya urithi, taka uthibitisho wa mahakama unaowataja warithi wote, pamoja na dada aliyeolewa Lamu na kaka aliye Muscat, kisha sahihi zao wote. Mrithi mmoja akikwambia wenzake wameridhia kwa simu, mwambie utangoja mpaka waandike.