Matabaka ya Udongo na Kazi ya Mwanaakiolojia

Mtu apitaye karibu na mahali ambapo wanaakiolojia wanachimba, aghalabu huuliza swali moja tu: "Mmepata nini?" Hutarajia kuonyeshwa dhahabu, sarafu au mafuvu ya watu wa kale. Badala yake huonyeshwa ukuta wa shimo wenye mistari ya rangi ya kahawia, kijivu na nyeupe, naye huondoka akiwa amevunjika moyo. Hata hivyo, mistari hiyo ndiyo inayowafanya wanaakiolojia wakae juani kwa majuma mengi. Kigae cha chungu kisichojulikana kilitoka katika tabaka gani hakiwezi kueleza mengi. Kigae hicho hicho, tabaka lake likijulikana, huwa ushahidi wa historia.

Makala haya yanaeleza jinsi matabaka yanavyotokea, jinsi yanavyochimbwa na kuandikwa siku kwa siku, na jinsi yanavyosomwa. Mfano mkuu ni mji wa kale wa Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, ambako matabaka yalisaidia kujibu swali lililobishaniwa kwa muda mrefu: je, miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki ilianzishwa na wageni, au ilikua kutokana na vijiji vya wenyeji?

1. Matabaka hutokeaje?

Mahali wanapoishi watu, ardhi huinuka polepole. Nyumba ya miti na udongo hudumu miaka kadhaa, kisha huanguka au huungua. Udongo wa kuta zake husawazishwa, na nyumba nyingine hujengwa juu yake. Majivu ya jikoni, magamba ya chaza, mifupa ya samaki na vyungu vilivyovunjika hutupwa jaani. Watu wakihama, upepo huleta mchanga, na majani huoza yakawa udongo mweusi. Kila tukio huacha tabaka lake, lenye rangi, ugumu na vitu vyake.

Kanuni ya kusoma matabaka ilielezwa mwaka 1669 na Nicolaus Steno, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, alipokuwa akichunguza miamba. Kwa ufupi, tabaka la chini lilitangulia tabaka la juu, mradi matabaka hayo hayajavurugwa. Mwanafunzi asilisahau sharti hilo la mwisho, kwa kuwa mahali palipokaliwa na watu huvurugwa mara nyingi. Mtu achimbaye kaburi, kisima, shimo la taka au shimo la nguzo hukata matabaka ya zamani, kisha shimo lake hujazwa vitu vya wakati wake. Hivyo kifungo cha shati cha mwaka 1900 chaweza kuonekana katika kina cha mita 2, kando kabisa ya tabaka la miaka 1,000 iliyopita. Fuko, panya, mchwa na mizizi ya miti nao huhamisha vitu. Kwa sababu hiyo, kina peke yake si kipimo cha umri. Mwanaakiolojia hutaka kujua kitu kilikuwa ndani ya tabaka gani, na tabaka hilo linahusianaje na mengine.

2. Kazi ya siku moja

Kabla ya kuchimba, uwanja hupimwa na kugawanywa katika miraba kwa vigingi na kamba. Huchaguliwa pia alama moja isiyohamishika, kwa mfano pembe ya jengo la mawe, ambayo vimo vyote vitapimwa kutoka kwayo.

Kazi huanza mapema asubuhi. Jua likiwa chini na udongo ukiwa bado na unyevu wa umande, tofauti za rangi huonekana vizuri zaidi. Baadaye udongo ukikauka, wachimbaji huukwangua tena na kuunyunyizia maji kidogo ili rangi zirudi. Chombo kikuu ni mwiko wa mwashi, ambao hutumiwa kukwangua udongo kidogo kidogo kwa usawa. Sururu na beleshi hutumiwa pale tu inapojulikana kwamba tabaka ni nene na halina sakafu wala mabaki yaliyotulia.

Utaratibu wa kuchimba ni kinyume cha utaratibu wa kutokea: tabaka lililowekwa mwisho huondolewa kwanza. Shimo la taka lililokata sakafu husafishwa peke yake kabla ya sakafu yenyewe kuguswa. Mchimbaji akiliondoa shimo hilo pamoja na sakafu, vitu vya nyakati mbili huchanganyika katika karai moja, na hakuna maabara iwezayo kuvitenganisha tena kwa yakini.

Kila tabaka hupewa namba yake na ukurasa wake. Katika ukurasa huo huandikwa rangi ya udongo, kwa kulinganisha na chati ya rangi ya Munsell, aina ya udongo, vitu vilivyomo, na matabaka yanayoligusa juu, chini na kando. Aina ya udongo hutambuliwa kwa mkono. Udongo uliolowanishwa ukiviringika kuwa uzi mwembamba bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Ukibomoka vidoleni, ni kichanga. Udongo uliochimbwa hupitishwa katika chekeche, na vitu vinavyobaki hutiwa katika mfuko wenye namba ya tabaka. Makaa yatakayopimwa umri huokotwa kwa kifaa safi na kufungwa mbali na vitu vingine, yasije yakachafuliwa. Kabla tabaka jipya halijaguswa, hupigwa picha yenye kipimo na mshale wa kaskazini, kisha huchorwa kwa vipimo.

Jioni vigae huoshwa na kuandikwa namba kwa wino usiofutika, vimo hukaguliwa, na daftari la siku hujazwa, hata kama siku hiyo haikupatikana chochote cha kupendeza. Sababu ya uangalifu huu ni rahisi kuieleza. Mwanakemia akikosea jaribio lake, huchukua dawa nyingine akaanza upya. Mwanaakiolojia hawezi, kwa kuwa kuchimba tabaka ni kuliharibu. Kinachobaki baada yake ni maandishi, michoro, picha na mifuko yenye namba. Kosa lisiloandikwa leo halitaweza kusahihishwa na mtu yeyote kesho.

3. Kusoma ukuta wa shimo

Uchimbaji unapoendelea, kuta za shimo huachwa zikiwa wima na kusawazishwa kwa timazi. Kamba hunyoshwa kwa pimamaji, na mchoraji hupima kutoka kwenye kamba hiyo mpaka kwenye kila mstari wa udongo, akichora kwa skeli ya 1:10. Mchoro huo huonyesha matabaka kama yalivyolaliana.

Mahali penye mamia ya matabaka na mashimo, mchoro wa ukuta mmoja hautoshi. Mwaka 1973 Edward Harris alibuni mchoro wa visanduku ambamo kila tabaka, kila ukuta na kila shimo lina kisanduku chake, na mistari huonyesha kipi kilitangulia kipi. Jambo la maana hapa ni kwamba kitendo cha kuchimba shimo hupewa namba yake, na udongo ulioujaza mwanya huo hupewa namba nyingine. Shimo laweza kuchimbwa leo na kujazwa baada ya miaka 50. Hayo ni matukio mawili.

4. Mfano wa Shanga

Magofu ya Shanga yako ufukoni, si mbali na Siyu. Wanaakiolojia wakiongozwa na Mark Horton wa Uingereza walichimba hapo katika miaka ya 1980. Juu ya ardhi huonekana nyumba, makaburi na msikiti wa Ijumaa, vyote vya mawe ya matumbawe. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa kutazama magofu ya namna hii, waandishi wengi wa zamani walisema kwamba wageni kutoka Arabuni na Uajemi walikuja na dini yao na ufundi wao wa mawe, wakaanzisha miji mahali pasipokuwa na kitu.

Msikiti huo wa mawe ulijengwa karibu na mwaka 1000. Kama wachimbaji wangeishia katika sakafu yake, kauli hiyo ya zamani ingeonekana kuwa ya kweli. Walipoendelea kushuka, waliona sakafu chini ya sakafu, na ndani yake safu za madoa meusi ya mviringo. Madoa hayo yalikuwa mashimo ya nguzo. Nguzo ya mti ikioza ardhini, huacha udongo laini wenye rangi nzito ndani ya udongo mgumu wenye rangi nyepesi. Doa moja haliwezi kutafsiriwa, lakini yakichorwa yote katika ramani moja, hutoa umbo la jengo.

Hivyo ilionekana kwamba msikiti wa mawe ulitanguliwa na misikiti ya miti, iliyojengwa upya mara kadhaa mahali pale pale. Wa kwanza ulikuwa jengo dogo sana la mwishoni mwa karne ya 8. Iliyofuata ilikuwa mikubwa zaidi, na baadaye kuta za matumbawe zikachukua nafasi ya miti. Aidha, tangu matabaka ya chini kabisa, sehemu kubwa mno ya vigae ilikuwa ya vyungu vya Afrika Mashariki vyenye nakshi za pembetatu, ambavyo vimeonekana pia mbali na bahari. Vigae vya kutoka Ghuba ya Uajemi vilikuwapo, lakini vichache. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika maandishi yake ya mwaka 1994, alivihusisha vyungu vya namna hiyo na vile vya wakulima wa Enzi ya Chuma waliotangulia katika pwani ya Tanzania.

Matabaka ya Shanga, basi, yanaonyesha kijiji cha wenyeji kilichofanya biashara na ng'ambo, kikaupokea Uislamu hatua kwa hatua, kikawa mji. Hayaonyeshi kwamba wageni hawakuja. Uchunguzi wa DNA ya mifupa kutoka miji kadhaa ya pwani, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia, hasa Uajemi, walianza kuchanganya damu karibu na mwaka 1000. Wakati huo Shanga ilikuwa imekwisha kukaliwa kwa zaidi ya miaka 200.

5. Kupata tarehe

Matabaka huonyesha kipi kilitangulia, lakini hayataji mwaka. Njia ya kwanza ya kuupata ni kutazama kitu kipya kuliko vyote katika tabaka lisilovurugwa, kwa kuwa tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kitu hicho. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, kulipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1066. Kwa hiyo hazina hiyo haikufukiwa kabla ya mwaka huo. Ingeweza kufukiwa baadaye, kwa kuwa watu huweka dhahabu kwa miaka mingi.

Njia ya pili ni kupima kaboni 14, iliyoanzishwa na Willard Libby mwaka 1949. Kiumbe kikifa, kaboni 14 iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Hata hapa uangalifu unahitajika. Kipimo huonyesha wakati mti ulipokuwa ukiota, wala si siku ulipochomwa. Kiini cha mti mkubwa chaweza kuwa na umri wa miaka 100 kuliko moto wenyewe.

6. Wajibu wa wote

Katika sehemu nyingi za Tanzania wako watu wachimbao usiku wakitafuta mali wanayodhani ilifichwa na Wajerumani. Mara nyingi hawapati kitu, nao huacha shimo lililokata matabaka ambayo hayatasomeka tena. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kinyume cha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mwanafunzi aonaye kigae au chuma cha kale ardhini akiache mahali kilipo, aandike mahali hapo, na amwarifu mwalimu wake ili ofisi zinazohusika zipewe habari. Mwenye kutaka kujizoeza kusoma matabaka hahitaji kuchimba: ukingo wa barabara iliyokatwa kilimani au msingi wa nyumba mpya unatosha.

Zoezi

Ukuta wa shimo lililobuniwa kwa somo hili una, kutoka juu: (1) udongo mweusi wenye mizizi, (2) sakafu ya chokaa, (3) udongo mwekundu wa kuta zilizoanguka, (4) majivu na mifupa ya samaki, (5) mchanga mweupe usio na kitu. Shimo la taka (6) limekata tabaka la 2, la 3 na la 4, nalo limefunikwa na tabaka la 1. Ndani yake mna kipande cha chupa ya soda.

(a) Panga matukio yote, kuanzia la kwanza.
(b) Je, chupa inatuambia nini juu ya umri wa sakafu? Na juu ya umri wa tabaka la 1?
(c) Sarafu ya mwaka 1320 imeonekana ndani ya tabaka la 3. Mwanafunzi mmoja asema nyumba ilianguka mwaka 1320. Eleza kosa lake.