Dondoo muhimu: Upepo na alaimenti ya matairi makubwa

Lori la ndizi linaloteremka kutoka Ibighi kwenda Kyela lipimwe upepo alfajiri, matairi yakiwa ya baridi, tena kwa geji. Nyundo ya utingo hukwambia tairi limelala, haikwambii limepungua kiasi gani. Yakipata moto njiani usiyatoe upepo. Yakipoa yatakuwa chini ya kipimo. Kwenye tope, madereva wa malori ya jeshi hupunguza upepo ili tairi likanyage kwa upana. Ukiwaiga, jaza kabla ya kurudi lami na mzigo.

Alaimenti? Pitisha kiganja kwenye kashata za tairi la mbele, kwenda na kurudi. Huku laini, huku linakwaruza kama msumeno: nenda kwa fundi, lakini akague kwanza tairodi. Ikicheza, kupima ni kutupa hela.